Chembe za grevi, grevi ya trei au Royco: uchague ipi na lini

Mtu aliyelelewa kwa mchuzi wa nazi na rosti la nyanya akihamia Uingereza hukutana mapema sana na kopo la chembe za grevi, ule mchuzi mzito wa kahawia ambao Waingereza humwagia nyama na viazi. Analikuta kwenye kabati la nyumba ya kupanga, limeachwa na mpangaji aliyetangulia. Analikuta kantini kazini, na kwenye nyumba ya kutunzia wazee ambako Wakenya na Watanzania wengi wanapiga shifti. Ni chembe za kahawia zisizo na makuu: unachota vijiko vinne, unamimina maji ya moto, unakoroga, kazi imekwisha. Halafu Jumapili moja anaalikwa chakula cha mchana, anamwagiwa juu ya nyama ya kuoka grevi iliyopikwa kwenye trei ileile iliyookewa nyama, anaonja, na anaanza kujiuliza alikuwa anakula nini siku zote.

Hapa nitaziweka hizo mbili sahani moja. Royco nayo nitaichungulia, kwa sababu wageni wengi huuliza kama haiwezi kufanya kazi hiyohiyo. Msimamo wangu nautoa kabisa: tazama trei kwanza, kopo baadaye. Kama trei ina ukoko wa kahawia na maji yaliyochuruzika kwenye nyama, kopo likae kabatini, au litoe kijiko kimoja cha kumalizia. Kama trei haipo, au imetoka kavu, tumia kopo bila aibu.

Ndani ya kopo mna nini

Jina linalotawala rafu za supamaketi za Uingereza ni Bisto. Ilianza kuuzwa mwaka 1908, na wakati huo ilikuwa unga. Chembe zilikuja mwaka 1979. Unga ule wa zamani bado upo, na una masharti yake: uukoroge kwanza na maji ya baridi, uumimine kwenye sufuria, kisha ukoroge bila kuacha mpaka uchemke. Ukiurusha mkavu kwenye maji yanayotokota yanakupata ya uji uliotiwa unga kwa pupa, madonge yaliyoiva nje na makavu ndani.

Chembe ziliondoa tabu hiyo kwa kutumia mafuta. Geuza kopo usome. Kwenye chembe za kawaida utakuta wanga wa viazi, maltodekstrini (wanga uliovunjwavunjwa kiwandani), mafuta ya mawese, chumvi, unga wa ngano, rangi ya karameli yenye namba E150c, sukari, viongeza ladha E621 na E635, na vionjo vingine. Sheria inataka viungo vipangwe kwa uzito, kizito kikianza, kwa hiyo orodha hiyo inakueleza mengi: unachonunua hasa ni wanga na mafuta, na chumvi haiko mbali nyuma yake. Mafuta yamezifunika punje za wanga. Maji ya moto yakiingia, mafuta yanayeyuka, punje zinaachana, kila moja inapata maji yake kabla haijavimba na kushikana na mwenzake. Ndiyo maana hakuna madonge.

Ujanja huo haukuanzia kiwandani. Mpishi anayekaanga unga wa ngano kwenye mafuta ya nyama kabla ya kutia maji anafanya jambo lilelile, anazifunika punje za unga kwa mafuta zisigandane. Kiwanda kimekukaangia unga wako, kikaukausha na kuutia koponi. Kwa upande wa uzito, basi, sioni sababu ya kuidharau chembe. Ni kazi halali iliyofanywa na mtu mwingine.

Kinachokosekana ni nyama. Chembe nyingi za kawaida, hata zilizoandikwa kwamba ni za kulia nyama, hazina nyama ndani. Utamu ule unaokufanya ulambe kijiko unatokana na chumvi, sukari na E621, ambayo ndiyo monosodiamu glutameti. Kwa bahati tu, mwaka huohuo wa 1908 ambapo Bisto iliingia sokoni ndipo Kikunae Ikeda, mwanakemia wa Tokyo, alipoitenga glutameti kutoka kwenye mwani na kuonyesha kwamba ndiyo inayoleta ladha hiyo. Sina ugomvi na glutameti. Nyanya iliyoiva inayo, dagaa wanayo, na sisi tunaitia kwenye sufuria kwa majina mbalimbali. Ninachosema ni kwamba ikiwa peke yake inasikika mwanzo wa ulimi halafu basi, haina cha kufuatia.

Grevi ya trei

Hapa ndipo penye raha, kwa hiyo vumilia nikawie kidogo.

Unahitaji trei ya chuma iliyookewa nyama: paja la kondoo, pande la ng'ombe lenye mafuta yake, kuku mzima. Nyama ikiiva, itoe, iweke kwenye sahani kubwa, ifunike kwa foili na uiache ipumzike dakika 15 au 20. Muda huo ndio wa grevi. Hauli dakika yoyote ya ziada. Inamisha trei upande mmoja. Utaona mafuta yanaelea juu, safi, na chini yake maji meusimeusi. Chota mafuta kwa kijiko, bakiza kama vijiko vikubwa viwili. Yale uliyoyatoa usimwage. Weka kwenye bakuli, kesho kaangia viazi.

Sasa weka trei juu ya moto mdogo, nyunyiza vijiko vikubwa viwili vya unga wa ngano, na anza kukwangua kwa mwiko wa mbao. Unga unafyonza mafuta, unakuwa mzito, unatembea na mwiko. Baada ya dakika mbili hivi harufu ya unga mbichi inakata na inakuja harufu ya kitu kilichokaangika. Hapo mimina maji ya moto kidogo, kama kikombe cha kahawa. Trei italalamika kwa kelele na mvuke. Usiogope, endelea kukwangua, hasa kwenye pembe, maana hapo ndipo ukoko unapojificha. Utauona unang'oka kwa vipande na kuyeyuka, na rangi ya trei nzima inabadilika kutoka kijivu kuwa kahawia mbele ya macho yako. Endelea kuongeza maji kidogokidogo mpaka nusu lita. Maji mazuri zaidi ni yale uliyochemshia karoti au viazi, ambayo wengi huyamwaga kwenye sinki bila kufikiri. Iache ichemke taratibu dakika tano, rudisha ndani maji yaliyochuruzika kwenye sahani ya nyama, chuja, onja. Chumvi ije mwisho kabisa, na mara nyingi haihitajiki nyingi.

Ule ukoko ndio siri yote. Protini na sukari za nyama zikipata joto kali na ukavu zinageuka kuwa mamia ya vitu vyenye harufu na rangi ya kahawia. Louis-Camille Maillard, mwanakemia Mfaransa, alilieleza badiliko hilo mwaka 1912 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kwenye maji yanayochemka linakwenda polepole mno, kwa sababu maji hayapandi juu ya nyuzi joto 100. Kwa hiyo birika la umeme, hata liwe la bei gani, haliwezi kukupa ladha hiyo. Karameli ya E150c inaigiza rangi tu.

Ina vipingamizi vyake. Ukoko ukiwa mweusi ti, umeungua, na uchungu wake hautaondoka hata utie nini. Onja chembe moja kwa ncha ya kidole kabla hujamwaga unga. Trei ya kioo haipandishwi juu ya moto wa jiko. Mimina maji ya moto ndani yake, si ya baridi, kioo kisije kikapasuka, kwangua, kisha hamishia kwenye sufuria. Zile trei za foili za kutupa zinatoboka ukizikwangua kwa nguvu. Na kuna vyakula ambavyo havikupi kitu: kidari cha kuku kisicho na ngozi, nyama iliyochemshwa, soseji za kuoka ambazo zimetoa mafuta matupu, au kiporo cha jana kinachopashwa kwenye maikrowevu. Kutafuta grevi ya trei kwenye vyakula hivyo ni kujitesa.

Zikikaa pamoja mezani

Kwa ladha, pale ambapo nyama imeokwa vizuri, grevi ya trei inashinda na hakuna mjadala. Grevi ya kondoo inanukia kondoo, ya kuku inanukia kuku. Ya chembe inanukia grevi. Nimekaa meza moja na Waingereza wanaotetea ya kopo kwa moyo wote, kwa sababu ndiyo waliyolelewa nayo, na kaskazini mwa nchi, kule chipsi zinakomwagiwa grevi kwenye boksi, watu wana msimamo mkali kuhusu jambo hili. Ladha ya utotoni haibishaniwi. Ila ukiwa huna utoto huo ndani yake, utaisikia tofauti kijiko cha kwanza.

Kwa uzito, chembe zina faida ambayo wapishi hawapendi kuikiri: zinatabirika. Maelekezo ya Bisto ni vijiko vinne vya chai vilivyojaa, gramu 20, kwa mililita 280 za maji yanayochemka. Ukifuata, unapata kitu kilekile leo na mwakani. Ikiwa nyepesi, ongeza chembe na ukoroge. Ikiwa nzito, ongeza maji. Grevi ya unga wa ngano inahitaji uzoefu, kwa kuwa inazidi kuwa nzito kadiri inavyochemka na tena inapopoa mezani, kwa hiyo lazima uiondoe motoni ikiwa nyepesi kuliko unavyotaka. Chembe zina udhaifu wao pia. Wanga wa viazi huvimba haraka lakini hauvumilii purukushani. Ukiiacha grevi ya chembe ichemke muda mrefu, au ukiipiga sana, inaanza kulegea na kuwa maji. Watu wakiona hivyo huongeza chembe, na chumvi inapanda. Iandae dakika za mwisho, maji yakiwa yametoka kuchemka, kwenye jagi lililopashwa moto. Maji yaliyopoa hayauvimbishi wanga sawasawa, na unaishia na kinywaji.

Chumvi ndiyo inayonifanya nisiiweke ya kopo mezani kila siku. Ushauri wa afya Uingereza ni mtu mzima asizidi gramu 6 za chumvi kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai; Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5. Grevi hailiwi peke yake. Inamwagiwa soseji, pai, bekoni, au kuku aliyekwisha kupakwa viungo vya chumvi. Presha tunaijua majumbani mwetu, hatuhitaji kuhubiriwa. Ya trei unaitia chumvi mwenyewe, kwa hiyo unajua umetia kiasi gani. Zipo chembe za chumvi kidogo na zinafaa, lakini hata hizo soma lebo, kwa sababu "kidogo" hapo maana yake ni kidogo kuliko zile za kawaida.

Kuhusu muda sitakaa sana. Chembe ni dakika moja. Trei ni dakika 10 hadi 15, na ni dakika ambazo nyama ingekuwa inapumzika hata hivyo. Tofauti ya kweli iko kwenye vyombo: baada ya grevi ya trei, trei iko karibu safi, umekwisha kuikwangua. Baada ya grevi ya kopo, trei inakusubiri kwenye sinki na ukoko wake wote, yaani umeosha ladha yako kwa sabuni.

Kwa fedha, kopo la gramu 200 linatoa majagi kumi ya mililita 280. Ni rahisi. Ya trei ni rahisi zaidi, kwa kuwa unga ni vijiko viwili na vilivyobaki ulishavilipia uliponunua nyama. Lakini kama unanunua nyama ya kuoka ili tu upate grevi, hesabu yako ina kasoro.

Kiporo nacho kina neno. Grevi ya nyama iliyoachwa vuguvugu kwenye jiko mchana kutwa ni makazi mazuri ya bakteria, hasa Clostridium perfringens, ambaye sifa yake mbaya inatokana na sufuria kubwa za nyama na grevi zinazopoa polepole. Ipoze ndani ya saa moja au mbili, itie kwenye friji, ile ndani ya siku mbili, na ukiipasha iwe inatokota, mara moja tu. Kwa grevi ya chembe sioni sababu ya kuhifadhi kiporo. Tengeneza kiasi cha mlo.

Lebo, na suala la halali

Swali hili kwa Waswahili wengi linakuja kabla ya ladha, na jibu lake linashangaza: kopo la bei ya chini mara nyingi lina matatizo machache kuliko la bei ya juu. Chembe za kawaida, kama nilivyosema, nyingi hazina nyama na zimeandikwa kwamba zinawafaa wasiokula nyama. Zile za daraja la juu, kama mfululizo wa Bisto Best, hutangaza kuwa zina dondoo au supu halisi ya nyama, na hiyo nyama haikuchinjwa kwa ajili yako isipokuwa lebo iseme hivyo. Mtu anadhani anampa mgeni heshima kwa kununua la ghali, kumbe anamwekea kitu asichokula. Grevi ya trei haina utata huu: nyama uliinunua kwa muuza nyama unayemwamini, grevi inafuata nyama.

Usikariri jambo hili kwa rangi ya kopo. Viwanda hubadilisha viungo. Soma kila unaponunua, na usome pia herufi nzito, kwa kuwa tangu Desemba 2014 vyakula vinavyoleta mzio lazima vikolezwe kwenye orodha ya viungo. Kwenye chembe utakutana na ngano, shayiri na soya, wakati mwingine maziwa. Mwenye mwili unaokataa gluteni atafute kopo lililoandikwa wazi kwamba halina. Akipika ya trei, aache unga wa ngano na kutumia wanga wa mahindi: kijiko kikubwa kimoja kwa kila robo lita, ukorogwe kwanza na maji ya baridi, uingie mwishoni kwenye mchuzi unaochemka.

Neno moja kwa wanaofanya kazi ya kutunza wazee. Grevi inasaidia sana mzee ambaye nyama na viazi vinamkwama kwa ukavu. Lakini kama mzee ameandikiwa kiwango maalumu cha uzito wa vinywaji kwa sababu ya shida ya kumeza, chembe za grevi hazichukui nafasi ya kile kiongeza uzito alichoandikiwa. Wanga wa kawaida hulegea ukikutana na mate, na uzito ulioupima kwenye jagi sio utakaokuwapo kinywani. Fuata mpango wa mzee huyo, siyo kopo.

Oxo na vile vya jeli

Kidonge cha supu cha Oxo, kilichoanza mwaka 1910, watu wanakichanganya na grevi kwa sababu vinakaa rafu moja. Kidonge ni chumvi na ladha, uzito wake ni mdogo sana. Kikifanya kazi peke yake unapata supu nyepesi. Vile vya jeli kwenye vikopo vidogo ni hivyohivyo, vina ladha nzuri kidogo na bei kubwa kidogo. Vitumie kama maji ya kuongezea kwenye grevi ya trei iliyopungukiwa, na ukitumia, sahau chumvi kabisa.

Je, Royco?

Royco Mchuzi Mix, ambayo Afrika Mashariki haihitaji utambulisho na huku Uingereza inapatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika, ni binamu wa chembe za grevi kwa kazi: ina wanga wa mahindi wa kuufanya mchuzi uwe mzito, ina chumvi, ina kiongeza ladha. Lakini ina giligilani na manjano, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Imwage juu ya nyama ya ng'ombe ya kuoka na Yorkshire pudding (kimkate cha mayai, unga na maziwa kinachookwa), na meza nzima itadhani umewapikia kari. Huenda wakaipenda, maduka ya chipsi ya Uingereza yanauza mchuzi wa kari kando ya grevi, na wateja hawaulizi maswali. Ila haitakuwa grevi. Tena Royco inataka kuiva. Inakorogwa na maji kidogo, inatiwa kwenye sufuria yenye vitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, inachemka nayo. Ukiitia kwenye jagi na maji ya birika, ladha ya viungo vibichi itakaa kwenye koo.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Chembe za grevi kwenye mchuzi wetu wa nyama zinaua mchuzi. Nyanya ina uchachu na rangi yake. Grevi inaifunika kwa kahawia na ule utamu wa karameli, na kitu kilichokuwa na sura ya kwao kinakuwa cha kantini. Wifi yangu alipoona mtu anamwaga chembe kwenye mchuzi wa mbuzi alisema, "Mwacheni mbuzi wa watu apumzike, ameshakufa mara moja." Mchuzi wetu haukuwahi kuhitaji wanga wa kuutia uzito. Uzito wake unatokana na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikalegea, nyanya zilizokauka maji, au tui. Ukiona mchuzi wako mwepesi, uongezee dakika motoni ukiwa umefunua sufuria. Kwenye nazi ndiyo usithubutu.

Pahali pamoja ambapo chembe na upishi wetu vinapatana ni kima. Nyama ya kusaga iliyokaangwa na kitunguu, karoti na njegere, ikitiwa kijiko kimoja cha chembe na maji kidogo, inashikana vizuri chini ya viazi vya kuponda, na watoto waliozaliwa huku wanaitambua kuwa ni chakula cha shuleni kwao. Hiyo naipika, na naipika kwa kopo.

Njia ya kati, ambayo ndiyo naitumia zaidi

Trei nyingi za Jumapili haziko kamili wala tupu. Kuku mmoja wa kilo moja na nusu anaacha ukoko wa kutosha kwa ladha, lakini grevi inayotoka haiwatoshi watu sita. Hapo chembe zina nafasi yake ya haki. Ondoa karibu mafuta yote, maana chembe zina mafuta yake. Mimina kwenye trei mililita 400 za maji ya karoti au ya viazi, kwangua mpaka ukoko wote utoke, chemsha dakika tatu, chuja kwenye sufuria ndogo. Ikiwa inatokota, zima moto, nyunyiza vijiko viwili vya chai vya chembe huku ukikoroga, ngoja nusu dakika, tazama. Ongeza kijiko cha tatu ukihitaji. Ladha imetoka kwenye kuku, kopo limeleta uzito tu, na umetumia kama nusu tu au pungufu ya chembe ambazo maelekezo yangetaka kwa kiasi hicho cha maji. Ukiwa na kitunguu kimoja, kikate vipande na ukilaze chini ya kuku tangu mwanzo. Kitaungua pembeni kidogo na kutoa utamu na rangi.

Asiyetaka kopo kabisa lakini anaogopa madonge anaweza kujitengenezea chembe zake. Chukua siagi laini na unga wa ngano, vipimo sawa kwa uzito, vikande kwa uma mpaka vishikane. Tia vipande vidogovidogo kwenye maji ya trei yanayochemka huku ukikoroga, kisha uache dakika chache unga uive. Bonge linalobaki linakaa kwenye friji likisubiri Jumapili nyingine. Ni kanuni ileile ya mafuta kuzunguka wanga, na viungo vyake ni viwili.

Kwa hiyo, pande la nyama likiwa limeokwa na trei ni ya chuma, pika ya trei, hasa ukiwa na wageni. Kuku mdogo na watu wengi, njia ya kati. Soseji na viazi vya kuponda siku ya kazi, chipsi za usiku, kiporo cha bata mzinga baada ya Krismasi, mwanafunzi mwenye birika na maikrowevu tu: chembe, tena za kawaida, huna haja ya za ghali. Mwenye presha, trei au chembe za chumvi kidogo zilizopimwa kwa kijiko, zisimwagwe kwa makisio. Mwenye hofu ya uchinjaji, trei ya nyama yake mwenyewe, au kopo lililosomwa. Ugali na mchuzi, hakuna hata moja kati ya hizi, kamata vitunguu.

Ukishanunua kopo, usilitikise juu ya sufuria inayofuka. Mvuke unaingia mdomoni mwa kopo, chembe zinashikana, na baada ya wiki chache unazichimba kwa kijiko. Pima pembeni, funga kifuniko, ndipo urudi jikoni kwa moto.